Nyumba za Ibada Zisizo na Madirisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka pande mbili: kamati za ujenzi zinazotaka kuchorewa ramani ya kanisa au msikiti, na watu wanaopita nje ya jengo lenye kuta tupu wakajiuliza humo ndani kuna nini. Hao wa pili ndio wengi. Tumeanza na ya kawaida, kisha yale yenye utata. Pale ambapo jibu limeshatolewa, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Ya msingi

1. Kwa nini mtu ajenge nyumba ya ibada bila madirisha?

Mara nyingi ni kwa sababu zisizohusiana kabisa na imani: barabara yenye kelele, jua la jioni, wezi wa vipaza sauti, watupa mawe, bili ya umeme, kiwanja kilichobanwa na kuta za majirani. Kamati ya ujenzi ikiwa na bajeti finyu hulinganisha ukuta wa tofali na ukuta wenye dirisha, na jibu hupatikana palepale. Dirisha si tundu tu. Lina fremu, kioo, nondo, wavu wa mbu, lenta juu yake, na mwishowe pazia ambalo akina mama watachangishana.

Yapo majengo machache ambako giza lina maana katika ibada yenyewe. Hayo yako kwenye swali la 14 na la 15.

2. Kwani wanaficha nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na huulizwa kwa sauti ya chini. Jibu langu halijabadilika: siri hulindwa mlangoni, hailindwi dirishani. Pazia la bei ya chini huziba dirisha kubwa kwa dakika moja, kwa hiyo kundi linalotaka kujificha halihitaji kubadili ramani ya jengo. Linachohitaji ni mtu mlangoni wa kukurudisha.

Ukitaka kujua kama kundi lina usiri, usihesabu madirisha. Uliza mambo matatu. Je, asiye muumini anaruhusiwa kuingia na kukaa? Je, saa za ibada zimebandikwa nje mahali pa kusomeka? Je, mtu akitaka kuondoka katikati ya ibada, au kuondoka moja kwa moja katika kundi, anaachwa aende zake? Ukijibiwa ndiyo mara tatu, ukuta mtupu ni ukuta tu. Ukijibiwa hapana, vioo kuanzia sakafuni hadi darini havitakusaidia. Swali la 20 lina mfano mzito wa jambo hilo.

3. Kuna dini inayoamuru au kukataza madirisha?

Katika Biblia hakuna amri ya namna hiyo kwa Wakristo. Kuna mifano tu, tena ya pande zote mbili. Hema la kukutania jangwani lilifunikwa kwa mapazia na ngozi na halikuwa na madirisha, ndiyo maana kulikuwa na kinara cha taa saba ndani. Hekalu la Sulemani lilikuwa na madirisha (1 Wafalme 6:4), lakini Sulemani huyohuyo alipoliweka wakfu alisema kwamba Bwana atakaa katika giza nene (1 Wafalme 8:12). Danieli naye aliomba kwenye chumba chenye madirisha yaliyofunguliwa kuelekea Yerusalemu (Danieli 6:10). Kutokana na aya hiyo, Talmudi ya Wayahudi ina kauli kwamba mtu asiombe ila katika nyumba yenye madirisha. Ndiyo sababu sinagogi lisilo na dirisha hata moja ni nadra kulikuta.

Katika Uislamu, kuwa na dirisha au kutokuwa nalo si sharti la kusihi kwa swala. Jambo ambalo baadhi ya mafakihi walilizungumzia ni mlango: katika madhehebu ya Hanafi, mojawapo ya masharti ya swala ya Ijumaa ni idhini ya jumla, yaani watu wawe huru kuingia mahali inaposwaliwa.

4. Je, lengo si kuwazuia waumini wasichungulie nje?

Wapo wanaolitaja, na si uongo: gari la matangazo likipita, vichwa vyote vinageuka. Lakini ni sababu ndogo, na dawa yake ni rahisi. Inua kizingiti cha dirisha kiwe juu ya macho ya mtu aliyekaa. Kama kuna aliyewahi kudhurika kwa dirisha katika historia ya mahubiri, ni Eutiko, kijana wa Matendo 20, aliyekaa dirishani Troa, akasinzia Paulo alipozidi kuhutubu, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hata hapo, aya inataja taa nyingi ndani ya chumba, na urefu wa hotuba nao haukumsaidia.

## Majumba ya Ufalme ya Mashahidi wa Yehova

5. Ni kweli kwamba Majumba ya Ufalme hayana madirisha?

Baadhi, hasa Marekani na Kanada, na hasa yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1970 hivi. Mengine mengi duniani yana madirisha ya kawaida kabisa. Uvumi huu huletwa Afrika Mashariki na ndugu zetu walioko ughaibuni ambao wameona jengo la matofali lenye mlango mmoja wa vioo, maegesho makubwa, na kuta tupu pande tatu, wakapiga picha na kuituma nyumbani.

Jina lenyewe ni la 1935, wakati J. F. Rutherford, aliyekuwa rais wa shirika lao, alipoliita jengo moja la mikutano huko Honolulu, Hawaii, Jumba la Ufalme. Majumba ya mwanzo yalikuwa ya kila aina: vyumba juu ya maduka, kumbi za kukodi, nyumba za kawaida. Madirisha hayakuwa suala.

6. Basi kwa nini huko Marekani wakajenga kuta tupu?

Sababu zilikutana nne kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni mawe na moto. Mashahidi hukataa kusalimu bendera na kwenda jeshini, na hilo limewaletea maadui. Juni 1940, siku chache baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kwamba watoto wao wanaweza kulazimishwa kusalimu bendera shuleni, kundi la watu lilichoma Jumba la Ufalme la Kennebunk, jimbo la Maine, na mashambulizi yakaenea majimbo mengine. Mahakama hiyo iligeuza uamuzi wake mwaka 1943, lakini hulka ya kuvunja vioo haikuisha kwa hukumu. Jengo la ibada hukaa tupu siku nyingi za juma, na kila kioo kilichovunjwa kinalipwa na kutaniko lenyewe.

Ya pili ni nishati. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, wajenzi wa Marekani walianza kupunguza vioo kwenye kila jengo, maana kioo cha wakati huo kilivujisha joto wakati wa baridi na kuliingiza wakati wa kiangazi. Hata shule nyingi za nchi hiyo za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa bila madirisha, kwa sababu hizihizi za nishati na uharibifu, na hakuna aliyedai kwamba walimu wanaficha kitu. Anayelitazama Jumba la Ufalme peke yake huona fumbo. Akilitazama pamoja na maduka, benki na shule za rika lake, ataona mtindo wa ujenzi wa kipindi fulani.

Ya tatu ni kasi. Kuanzia miaka ya 1970 Mashahidi wa Marekani walibuni njia ya kusimamisha jumba zima mwishoni mwa juma, mamia ya wajitoleaji wakifanya kazi kwa zamu juu ya msingi ulioandaliwa mapema. Katika kazi ya namna hiyo kila tundu la ukuta linachelewesha: linahitaji vipimo, fremu, kuziba maji. Ukuta mtupu unakwenda haraka.

Ya nne ni matumizi. Mikutano yao ni hotuba, kusoma na kujibu maswali, mingine ikifanyika jioni baada ya kazi. Hakuna altare, hakuna sanamu, hakuna kioo cha rangi chenye picha za watakatifu. Kanisa Katoliki likiondoa madirisha linapoteza sehemu ya mapambo na mafundisho yake. Jumba la Ufalme halipotezi chochote cha namna hiyo.

7. Mbona Jumba la Ufalme la mtaani kwetu lina madirisha makubwa?

Kwa sababu lilijengwa kwa hali ya hewa ya mtaani kwenu. Mwaka 1999 Mashahidi walianzisha mpango wa kusaidia ujenzi wa majumba katika nchi zenye uwezo mdogo, na sehemu kubwa ya kazi ikafanyika Afrika. Ramani za huku ni za kuta fupi, madirisha mapana au tofali za matundu, na bati lenye mwinuko wa kutosha. Kiyoyozi hakimo kwenye hesabu. Kwangu hili linatosha kuufunga mjadala wa usiri: kundi moja, mafundisho yaleyale, ratiba ileile ya juma, lakini ukuta unabadilika kulingana na jua na bili.

8. Je, kukosa madirisha kweli kunawalinda?

Dhidi ya jiwe na mwizi, ndiyo. Dhidi ya mtu aliyedhamiria kuua, kiasi tu. Tarehe 9 Machi 2023, huko Hamburg, Ujerumani, mtu aliyewahi kuwa Shahidi alifyatua risasi kupitia dirisha la Jumba la Ufalme kabla ya kuingia ndani. Waliuawa watu sita na mtoto aliyekuwa tumboni, kisha mshambuliaji akajiua. Baada ya tukio hilo wapo waliosema ukuta mtupu ungeokoa maisha. Pengine baadhi. Lakini mwaka 2018, katika Kaunti ya Thurston, jimbo la Washington, Majumba ya Ufalme kadhaa yalichomwa moto usiku na moja likamiminiwa risasi. Moto hauhitaji dirisha.

9. Naweza kuingia nikaangalia mwenyewe?

Ndiyo. Mikutano yao iko wazi kwa yeyote na hakuna sahani ya sadaka inayopitishwa. Kuna sanduku la michango ukutani kwa atakaye. Jiandae tu kusalimiwa na watu wengi kabla hujapata kiti.

## Makundi mengine yanayoulizwa

10. Na wale Brethren wenye kumbi zenye uzio na geti?

Hawa ni tawi la kundi la Kikristo liitwalo Plymouth Brethren, na watu wa nje huliita tawi hilo Exclusive Brethren, lililoenea zaidi Uingereza, Australia na New Zealand. Kumbi zao nyingi hazina madirisha au zina ya juu kabisa, zimezungukwa na uzio, na Meza ya Bwana huanza alfajiri ya Jumapili. Hapa imani ina uzito zaidi kuliko kwa Mashahidi, kwa sababu kujitenga na ulimwengu ni fundisho lao la msingi: hawali pamoja na wasio wa ushirika wao.

Hata hivyo, mamlaka zilipowahoji, hazikuhoji madirisha. Mwaka 2012 tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales ilikataa kuisajili Preston Down Trust, amana iliyomiliki kumbi zao huko Devon. Miongoni mwa yaliyobishaniwa ni kama mtu wa kawaida anaweza kuhudhuria ibada, na jinsi waliofukuzwa kundini wanavyotendewa. Januari 2014, baada ya hati ya amana kurekebishwa, usajili ulikubaliwa. Jengo lenyewe halikuguswa.

11. Hekalu la Wamormoni je? Nasikia huwezi kuingia.

Tofautisha majengo mawili. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lina makanisa ya kawaida ya Jumapili, yenye madirisha na mlango ulio wazi kwa wote. Mahekalu ni kitu kingine: Kinshasa lina lake tangu 2019 na Nairobi tangu 2025. Hekalu likishawekwa wakfu, huingia waumini wenye kibali maalumu peke yao. Kabla ya hapo umma wote hualikwa kulitembelea kwa majuma kadhaa, na waliokwenda waliona vyumba vyote.

Mahekalu mengi yana madirisha, ila kioo chake ni cha rangi au cha ukungu: mwanga unapita, jicho halipiti. Lile la karibu na Washington, D.C., lililokamilika 1974, ndilo linalojulikana kwa kuta zake nyeupe zinazoonekana kama hazina dirisha kabisa.

Mwaka 2008, baraza la mabwana la Uingereza, lililokuwa bado mahakama ya juu, liliamua kwamba hekalu la Preston halistahili msamaha kamili wa kodi ya majengo unaotolewa kwa sehemu za ibada ya umma, kwa sababu umma hauruhusiwi kuingia. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2014. Ukisoma hoja zote, hutakuta hata moja inayosimama juu ya kioo. Ni mlango mwanzo hadi mwisho.

12. Freemason?

Si dini, ingawa wao wenyewe huita ukumbi wao hekalu na hudai mwanachama amwamini Mungu. Majengo yao ya Sokoine Drive, Dar es Salaam, na Nyerere Road, Nairobi, yako hadharani na yana alama zao ukutani. Ukumbi wa ndani hufungwa au kuwekewa pazia wakati wa sherehe, na mlinzi hukaa mlangoni. Hao hawajifichi kuwa wana siri, kwa hiyo hakuna cha kufumbua kupitia ukuta.

13. Kwa nini makanisa mapya ya kiroho yanapakwa rangi nyeusi ndani na kuzibwa mwanga?

Kwa ajili ya skrini, taa na kamera. Jua likiingia, picha ya projekta inafifia na sura ya mhubiri kwenye video inakuwa na kivuli upande mmoja. Mantiki yake ni ya jukwaa la muziki, na mara nyingine jengo lenyewe lilianzia huko: Kanisa la Lakewood la Houston lilihamia mwaka 2005 katika uwanja wa ndani uliokuwa wa mpira wa kikapu, wenye nafasi ya watu takriban 16,000.

Houston ina umeme wa uhakika kiasi na bajeti ya kiyoyozi. Mtaani kwetu LUKU ikiisha au jenereta ikikosa dizeli, ukumbi wa namna hiyo unageuka gizani mara moja na joto linafuata kabla ya wimbo kuisha. Nimeona kamati zikiiga rangi nyeusi na kusahau mtambo wa hewa. Ni uigaji mbaya kuliko wote niliowahi kuombwa kuchora.

## Majengo ya kale na ya wasanifu

14. Al-Kaaba haina madirisha. Kuna sababu gani?

Al-Kaaba si ukumbi wa kuswalia jamaa. Ni kibla, na watu huswali nje wakiielekea, kwa hiyo hakuna mahitaji ya mwanga na hewa kama ya msikiti. Kinachovutia zaidi ni mlango wake, ulioko zaidi ya mita mbili juu ya ardhi. Katika hadithi iliyomo kwenye Sahih al-Bukhari, Bibi Aisha alimuuliza Mtume (s.a.w.) kwa nini uko juu, akajibiwa kwamba Makureshi waliufanya hivyo ili wamwingize wamtakaye na kumzuia wamtakaye. Aliyesoma swali la 2 ataelewa kwa nini naipenda hadithi hii.

Vyumba vya ndani kabisa vya mahekalu ya Kihindu, kinapokaa kiti cha mungu, navyo kwa desturi havina dirisha. Hapo giza limekusudiwa: mtu anatoka kwenye mwanga wa ua, anapita kumbi zinazozidi kufifia, hadi kwenye taa ndogo mbele ya sanamu. Watu hawaketi humo, wanatazama kutoka mlangoni.

15. Misikiti ya kale ya pwani yetu ilikuwa na giza. Walikuwa hawajui madirisha?

Walijua sana. Ingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye kwa kuba na nguzo, au ule wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Utaona kwamba kazi ya dirisha ilifanywa na milango ya pembeni, mingi, inayotazamana. Upepo wa bahari uliingia upande mmoja na kutoka wa pili, kwa kimo cha mtu aliyesujudu, pale hasa unapohitajika.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene, na kutoboa matundu mengi kunaudhoofisha. Dari nalo lilibebwa na boriti za mikoko, ambazo hazivuki kwa urahisi zaidi ya mita tatu hivi, na hilo ndilo lililopanga nguzo na milango. Jua la pwani halihitaji mwaliko mkubwa. Ukivua viatu ukaingia saa saba mchana, ule ukivulivuli ndio uliokuwa umekusudiwa.

16. Kuna wasanifu mashuhuri walioondoa madirisha kwa makusudi?

Wapo, na karibu wote walichokiondoa ni mandhari ya nje, mwanga wakaubakiza.

Frank Lloyd Wright alijenga Unity Temple huko Oak Park, Illinois, kati ya 1905 na 1908, baada ya kanisa la zamani kuungua kwa radi. Kiwanja kiko kando ya barabara yenye kelele. Alisimamisha kuta za zege zisizo na dirisha upande wa barabara, akaingiza mwanga kupitia vioo vya juu karibu na dari na matundu 25 ya paa yenye kioo cha rangi ya kaharabu. Mlango aliuficha pembeni. Leo jengo hilo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Eero Saarinen naye, katika kanisa dogo la chuo cha MIT la mwaka 1955, alijenga mduara wa matofali uliozungukwa na maji. Mwanga unaingia kutoka tundu la paa na kutoka chini, ukiwa umeakisiwa na maji yale. Rothko Chapel ya Houston, iliyofunguliwa 1971, ina tundu la paa na michoro 14 ya giza, haina kingine. Na mbele ya wote kuna Pantheon ya Roma, iliyofanywa kanisa mwaka 609: hakuna dirisha ukutani, kuna tundu la takriban mita 9 katikati ya kuba, na mvua ikinyesha inanyesha ndani.

## Hewa, afya na usalama

17. Kwa nini naumwa kichwa na kusinzia kwenye ukumbi usio na madirisha?

Mara nyingi ni hewa na joto. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la takriban wati 100. Watu 200 ni kilowati 20, sawa na kuwasha pasi 20 za umeme ndani ya ukumbi na kuziacha ibada nzima. Juu yake weka hewa ya kaboni wanayoitoa na jasho. Feni haiondoi chochote katika hivyo, inavizungusha tu. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani nacho hupoza hewa ileile bila kuleta mpya, na hili wengi hawalijui. Ukumbi uliofungwa unahitaji mtambo unaovuta hewa ya nje na kutoa ya ndani, na mtambo huo ndio unaorukwa bajeti ikibana.

18. Magonjwa yanaambukiza zaidi humo?

Kifua kikuu na magonjwa mengine yanayosafiri hewani hupenda chumba kisichobadilishwa hewa. Machi 2020, kwaya ya Skagit Valley, jimbo la Washington, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi wa kanisa. Kati ya watu 61 waliohudhuria, 53 walithibitishwa au kudhaniwa kuugua UVIKO-19, na wawili wakafariki. Kuimba hutoa pumzi nyingi kuliko kusikiliza. Kama ukumbi wenu una kwaya ya nguvu, hesabu ya hewa iwe kubwa kuliko ya ukumbi wa mihadhara.

19. Moto ukitokea?

Usitegemee dirisha. Huku kwetu dirisha lina nondo, na dirisha lenye nondo si njia ya kutokea, ni mahali pa kuomba msaada. Jengo lisilo na madirisha lakini lenye milango minne mipana inayofungukia nje ni salama kuliko lenye madirisha 20 ya nondo na mlango mmoja. Kanuni nyingi za ujenzi duniani hutaka angalau njia mbili za kutokea, moja ikiwa mbali na nyingine, watu wanapofika 50 hivi. Ukumbi usio na mwanga wa asili unahitaji pia taa za dharura zenye betri, maana umeme hukatika kabla moshi haujajaa.

20. Je, hakuna kesi ambapo jengo lililofungwa lilikuwa kweli dalili ya hatari?

Ipo, nayo iko karibu nasi. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Jengo lilikuwa na madirisha. Yalipigiliwa misumari pamoja na milango. Waliolipita kabla ya siku hiyo wasingeona kuta za ajabu. Dalili zilikuwa kwenye maisha: watu kuuza mali zao na kukabidhi fedha, kukatazwa kuzungumza, kutengwa na jamaa zao.

## Kwa wanaojenga

21. Majirani wanalalamikia kelele. Tuzibe madirisha?

Anzeni na sauti yenyewe. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009 na Tanzania tangu 2015, na Rwanda mwaka 2018 ilifunga maelfu ya makanisa, kelele na ubora wa majengo vikiwa kati ya sababu. Kuziba madirisha kwa tofali kunapunguza kelele kidogo tu ikiwa paa ni bati tupu, kwa sababu sauti inatokea juu. Shusheni spika za nje, zigeuzeni spika za ndani zielekee waumini badala ya ukuta, wekeni dari lenye kunyonya sauti. Mkishafanya hayo na bado mnagombana na jirani, ndipo mzungumzie ukuta, na jibu la swali la 17 likiwa mezani.

22. Tumepata godauni au ukumbi wa sinema wa zamani. Tuutumie ulivyo?

Mnaweza, lakini ukumbi wa sinema ulijengwa na mtambo wa hewa ambao huenda ulishang'olewa na kuuzwa. Godauni lilijengwa kwa magunia, ambayo hayapumui. Yote mawili yanahitaji kibali cha kubadili matumizi kutoka halmashauri au kaunti, na mkaguzi atauliza milango kwanza. Vyumba vya kuswalia vya chini ya ardhi kwenye maduka makubwa vina shida hiyohiyo, ila huazima mtambo wa jengo zima.

23. Tunataka faragha na ulinzi, lakini pia hewa. Inawezekana?

Inawezekana bila gharama kubwa. Geuzeni jengo ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Huku karibu na ikweta, jua kali hupiga mashariki na magharibi, na kuta hizo mbili ndizo za kuachwa tupu. Kwenye kuta ndefu wekeni matundu pande zote mbili: tofali za matundu chini karibu na sakafu, na madirisha membamba juu karibu na lenta ili hewa ya moto itoke. Upepo unaovuka chumba hufanya kazi hadi umbali wa takriban mara tano ya kimo cha dari. Dari la mita tatu linaruhusu upana wa mita 15. Matundu yakiwa upande mmoja peke yake, umbali huo unapungua kwa nusu au zaidi.

Mpita njia hataona ndani, mwizi hatapenya, na kioo cha kuvunjwa kitakuwa kidogo. Baraza lenye paa upande wa barabara litapunguza jua na kelele kwa pamoja, na watoto watapata mahali pa kutolewa wakianza kulia.

24. Jengo letu lina madirisha na kamati mpya inataka kuyaziba. Tunaweza kuyaziba tu?

Si kabla ya mambo mawili. Kwanza, mhandisi aangalie, kwa sababu kuziba kunaongeza uzito juu ya msingi, na fundi asipounganisha tofali mpya na ukuta wa zamani zitapasuka kwenye maungio. Pili, kibali: kuondoa mwanga na hewa ni badiliko la ramani iliyopitishwa. Na kama sababu iliyotolewa kwenye kikao ni ya kuzuia watu wasichungulie, basi nunueni filamu ya ukungu ya kubandika kwenye kioo. Inabandikwa kwa siku moja, na ikiwachosha inabanduliwa.